Mji wa Tatu

Jumapili, 4 Machi

Baba mpenzi,

Kabla hujauliza: tuko hai, mimi na huyu mjukuu mchumba wako, na viungo vyetu vyote tunavyo. Naanza na hilo kwa sababu najua habari za mto wetu umeshazisikia kwenye redio, maana redio nayo umeifanya mto wa kulalia. Ningekupigia, ila simu na wewe mlishaachana, unasikia "haloo" tu na mengine unajibu kwa kubahatisha.

Maji yaliingia Jumanne mchana. Nilikuwa dukani nampima macho mwalimu mmoja, kidevu kakiegemeza kwenye mashine, tukasikia watu wanakimbia barabarani. Nilipofika shuleni kumchukua mtoto, maji yalikuwa magotini. Chumbani kwetu yalipita godoro. Vyeti nimeviokoa, nguo baadhi, vyombo vichache. Ule ubao uliomwandikia mjukuu wako jina lake nimeukuta unaelea jikoni, na rangi haijabanduka hata chembe. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaanza kufyagia tope.

Sasa tunalala sebuleni kwa mwenzangu wa kazini, mama mmoja msaga lenzi, mwema lakini ana maneno. Baba mtoto yuko safarini kama kawaida.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ina maduka ya miwani katika miji mingine miwili na inafungua jingine katika mji wa tatu, na meneja amesema sisi tuliopoteza makazi tuchague pa kuhamia. Wenzangu wanachagua kwa kuangalia kodi za nyumba. Mimi nimeapa sitahamia mahali kabla sijajua pataniua kwa njia gani. Basi kila mteja anayekaa kitini namuuliza: kwenu wapi, na huko maafa yenu ni yapi? Ukimwambia mtu asome herufi ndogo huku unamuuliza habari za vimbunga, anakujibu kweli tupu, hana nafasi ya kutunga.

Mji wa kwanza ni ule wa bandarini. Kazi tele, lakini kuna upepo unaong'oa mapaa. Wa pili ni wa milimani. Hewa safi, shule nzuri, ila mvua ikikaza kilima huteremka na nyumba za watu. Wa tatu siutaji kwanza, bado naupeleleza, nisije nikatangaza harusi kabla ya posa.

Wewe bandarini ulifanya kazi ujanani. Unaonaje?

Mwanao

---

Alhamisi, 15 Machi

Binti yangu, mama yangu,

Pole, pole sana. Ningekuwa karibu ningelianika hilo godoro mwenyewe. Nimeisoma barua yako mlangoni kwenye mwanga, nikaisoma tena kwa Mama Birika, naye akaangua kilio mbele ya wateja wake mpaka mtu mmoja akadhani chai imemwagika.

Usinicheke kwa mwandiko. Najua unautazama sasa hivi na kusema, huyu ndiye Mzee Rangi, aliyekuwa akinirudishia barua zangu za bweni kazisahihisha kwa rangi nyekundu kwa sababu herufi zimelala? Ni kwamba hapa ardhi imetikisika kidogo. Si kitu, ni mtetemeko mdogo tu wa kumwaga chai kwenye kisahani, nao umenikuta katikati ya sentensi.

Bandarini nilikaa miaka miwili nikichora mabango ya maduka. Chumvi ya kule inakula rangi ya mafuta kama mchwa. Bango ulilolipaka leo, msimu ujao mwenyewe anakuja kukudai. Sasa mji usiokalika na rangi, mtu ataukalia vipi? Milimani sijafika. Ila nasikia watu wa huko wana miguu imara na hawana haraka, na hizo ni sifa njema.

Mji wa tatu ni upi? Usinifiche, mimi mzee sasa, mafumbo yananivuruga tumbo.

Mimi sijambo. Kazi zipo, juzi nimemaliza bango la duka la dawa. Chumba chako kipo vilevile ulivyokiacha. Sisemi hivyo ili uje, nasema tu kwamba kipo.

Mwambie mchumba wangu nimeambiwa meno ya mbele yamemtoka. Ndoa iko palepale.

Baba yako

---

Jumatano, 21 Machi

Baba,

Mtetemeko? Kwetu? Mji ambao hata mbwa wakibweka watu wanatoka nje kuuliza kuna nini?

Niandikie haraka na unieleze vizuri. Ulikuwa saa ngapi? Ulidumu muda gani? Kuta zina nyufa? Ngazi yako ya kazi, ile ndefu, ulikuwa juu yake au chini? Leo nimempima macho bwana mmoja mstaafu wa zimamoto, nikamuuliza. Akasema mitetemeko midogo wakati mwingine ni hodi, mkubwa uko nyuma unakuja. Nikamwandikia namba za lenzi kimakosa, ikabidi nimwite tena.

Na mwandiko wako nimeutazama kwa jicho la kazi. Kama ni macho, Baba, sema. Usione haya mbele yangu, mimi kutwa nashinda na watu wanaosoma R wakisema ni K. Nipe ruhusa tu nikusagie lenzi, hazitanigharimu kitu.

Mtoto anauliza ardhi ikitikisika babu anashika wapi. Nimemwambia nitakuuliza. Usilale karibu na kabati.

Mwanao

---

Ijumaa, 30 Machi

Mama,

Nilidhani posta wamekosea. Barua mbili ndani ya mwezi mmoja, tena kutoka kwako! Mama Birika kaniuliza kama nimerithi.

Nikujibu kwa utaratibu. Ule wa kwanza ulikuwa asubuhi na haukukaa sana. Kuta ziko salama. Ngazi ilikuwa imeegemea ukutani, na mimi nilikuwa chini nimekaa, kwa hiyo ondoa shaka. Macho yangu ni mazima, namuona jirani wa ng'ambo akiiba maji ya bomba la mwenzake kila siku.

Lakini nisikufiche, juzi imetikisika tena. Safari hii kijiko kiligonga kikombe ngri-ngri-ngri mpaka nikakiweka chini. Kitasa cha mlango kilinisumbua, ufunguo haukutaka kuingia. Ajabu ni kwamba kwa Mama Birika, ukuta mmoja na mimi, hawakusikia chochote. Ardhi nayo siku hizi ina upendeleo.

Mwambie mjukuu wangu kwamba ikitikisika nashika meza, na meza inanishika mimi, basi tunangojana.

Huyo mzee wa zimamoto asikutie hofu. Ila kama ana mengine ya kusema, niandikie, napenda kuyajua. Na kama una maswali zaidi, uliza. Mimi nipo, jioni huwa sina shughuli nyingi.

Umeshachagua?

Baba yako

---

Jumapili, 8 Aprili

Baba mpenzi,

Nimepiga simu ofisi ya wapima mitetemeko. Nilizungushwa mpaka nikampata kijana mmoja mpole. Akaniambia mtambo wao wa karibu na kwenu umeharibika tangu mwaka juzi, kwa hiyo hawana habari ya mji ule kabisa. Nikamuuliza, sasa nimwamini nani? Akasema, "Dada, kama mzee anasema imetikisika, basi imetikisika."

Basi sasa nakwambia. Mji wa tatu ulikuwa wetu.

Kampuni inafungua duka karibu na soko, palepale penye ukuta mrefu ulioandika tangazo la sabuni nilipokuwa mdogo. Niliposikia tu, nilitaka kusaini papo hapo. Nikalinganisha miji yote mitatu kwa haki, sikutaka kujipendelea, na kwetu palitoka safi kuliko kote. Hakuna mto, hakuna bahari, hakuna mlima. Watu wetu walivyokuwa wakiusema mji ule eti hapatokei chochote, nikaona kumbe hiyo ndiyo sifa. Nilipanga nisikuambie. Nilitaka jioni moja ubishiwe mlango, ufungue, utukute na masanduku.

Kisha ikaja barua yako ya kwanza, na ya pili.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi, Baba. Mimi nimeshamuona mtoto wangu amesimama juu ya dawati la shule, maji yako chini yake. Siwezi kumpeleka kwenye mji ambao ardhi inabisha hodi. Kilima angalau hutoa dalili, mti ukiinama unauona, ufa ukianza unauona. Chini ya ardhi nani anaona? Meneja anataka jibu Ijumaa hii. Barua hii itakufikia nimeshasaini. Nimechagua milimani.

Nakuomba uhame huko. Njoo tukae wote. Najua utakataa, lakini nimesema.

Mwanao

---

Jumanne, 17 Aprili

Mama,

Umechagua vizuri. Umefanya kama nilivyokufundisha, pima kwanza, rangi baadaye.

Mimi kuhama sitaweza, wateja wangu watanililia. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Leo haijatikisika.

Huko milimani kuna baridi. Mnunulie mtoto soksi nene.

Baba yako

---

Alhamisi, 26 Aprili

Kwa binti wa Mzee Rangi,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Barua hii naituma kwenye duka lenu la milimani, maana baba yako kaniambia mmeshahamia.

Mimi ndiye Mama Birika, muuza chai, jirani yenu wa ukuta mmoja, yule uliyemwachia ufunguo ulipokuja kumzika mama yako. Kuandika barua sikuzoea, mimi mtu wa kuchemsha maji. Ukiona neno limekaa vibaya lisogeze mwenyewe. Baba yako kaniapisha nisikupigie simu. Barua hakuitaja, kwa hiyo kiapo changu kiko salama.

Mwanangu, ardhi ya hapa haijatikisika tangu nizaliwe. Kinachotikisika ni mkono wa kulia wa baba yako.

Kilianza kidole gumba, mwaka juzi. Alikuwa akikificha mfukoni. Sasa ni mkono mzima, na wa kushoto umeanza kujifunza tabia za mwenzake. Tulikwenda hospitali, daktari akaupa ugonjwa jina refu ambalo siwezi kuliandika, akasema hauui haraka ila hauondoki. Dawa anazo. Anazimeza akikumbuka, na akikumbuka anasema ameshazimeza. Lile bango la duka la dawa alilokusimulia, ni kweli alilianza. Alivuta mstari kwa uzi wa chaki, akaegemeza mkono kwenye fimbo yake ya kuchorea kama siku zote, na neno la kwanza likatoka kama mjusi aliyekanyagwa mkia. Mwenye duka ni mtu wa heshima, alisema asante mzee, akamlipa. Wiki iliyofuata akaweka la plastiki. Tangu hapo baba yako akienda sokoni anazunguka kwa nyuma ili asipite pale.

Mimi nilimwambia, mwambie mwanao. Akasema, "Nimwambie nini, kwamba mkono ulioandika mji mzima sasa unamwaga uji?" Nikamfutia meza. Baadaye barua zako zikawa zinakuja upesi upesi, akawa anachangamka, ananyoa ndevu siku ya posta. Nikaona heri, kila mtu na dawa yake.

Mpaka ikaja ile ya mji wa tatu. Aliisoma mlangoni amesimama. Nikamuuliza kuna nini, akasema mmepata mahali pazuri. Akaingia, akakuandikia jibu, akatoka kulitia posta, akarudi akafunga mlango. Chai yangu ya jioni hakuitaka. Asubuhi sikusikia redio. Redio ya baba yako, mwanangu, hata maiti wanaisikia. Nikachukua ule ufunguo.

Nilimkuta jikoni, sakafuni, nguo zimelowa. Alikuwa ameanguka tangu jana yake alipotaka kujimiminia maji. Hakuvunjika, mshukuru Mungu, ila nyonga imevimba na amelala hospitali siku mbili. Nilipomwinua unajua aliniambia nini? "Mama Birika, ardhi imetikisika." Nikamwambia, mzee, hiyo mpelekee binti yako, mimi usiniletee.

Sasa yuko nyumbani. Usiku wanangu wanalala kwake kwa zamu. Sikwambii urudi, sikwambii usirudi. Nauza chai, ushauri siuzi. Lakini nimechoka kumtunzia mtu uongo unaomuumiza mwenyewe.

Mama Birika

---

Jumamosi, 5 Mei

Baba,

Nimeshajua. Usimgombeze Mama Birika.

Sijui nianze na hasira au na pole, kwa hiyo nitaziandika zinavyokuja. Nilimpigia simu kijana wa mitetemeko! Niliogopa ukuta wako, kabati lako, ngazi yako. Nililala nikiwaza nyumba imekuangukia. Kumbe ungeniandikia "mkono wangu unatetemeka," maneno matatu tu, leo ningekuwa nafungua duka pale karibu na soko, na mtoto anakula chakula cha mchana kwako. Nimekwenda kwa meneja. Nafasi ya kwetu amepewa mwenzangu, yule mama msaga lenzi, naye alichoka kuishi na mto akaomba uhamisho, na ameshahamisha vitu vyake. Nililia mbele ya meneja, na mimi silii mbele ya mameneja.

Halafu nikarudi chumbani, nikajiuliza nani alianza. Baba mtoto hayuko safarini. Aliondoka mwaka jana na ana nyumba nyingine sasa, na mtoto mwingine. Nilikuwa sitaki ujue, kwa sababu wewe ndiye uliyesema tangu mwanzo kwamba mtu yule hamalizi sentensi. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa za nadra. Kila nikikaa kuandika naona tundu mahali alipokuwa, nazunguka tundu lenyewe mpaka karatasi inaisha. Mafuriko yalipokuja nikapata jambo la kusimulia ambalo halikuwa aibu yangu.

Kwa hiyo ulinitikisia ardhi nami nilikufurikia maji, na sote wawili tulikuwa tumekaa peke yetu.

Huku tuna vyumba viwili. Nyuma ya nyumba kuna ngema, ubavu wa kilima uliosimama wima, wamepanda nyasi kushikilia udongo, nami kila mvua ikinyesha natoka kuitazama. Sina rafiki bado. Dukani tuko wawili na mwenzangu hasemi. Jioni mtoto akilala nasikia saa ya ukutani ya jirani.

Niliuliza watu wasiohesabika habari za vimbunga na maporomoko. Wewe nilikuuliza habari za kuta zako tu. Samahani, Baba.

Sasa sikiliza. Naweza kuacha kazi hii nikaja, tutakula tutakachopata. Au unaweza kuja wewe. Vyote viwili vina ubaya wake na mimi niko tayari kwa chochote. Ila sitachagua tena kwa kubahatisha ukiwa umejificha. Niandikie unataka nini. Usiniambie sina neno, usiniambie kazi zipo, usiniambie chumba kipo. Andika kwa mkono wako huohuo, hata ukijaza ukurasa kwa neno moja. Nitalisoma, kusoma herufi mbovu ndiyo kazi yangu.

Mwanao

---

Jumatatu, 21 Mei

Mama,

Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, asubuhi, kabla mkono haujaamka. Ndiyo maana imechukua wiki. Herufi kubwa hizi si za kumtania mtu, ndogo siziwezi tena. Mama Birika alitaka nimtajie maneno yeye aandike. Nikamwambia haya hayapiti kwa mtu.

Ule mtetemeko wa kwanza niliutaja kwa aibu ya mwandiko. Ni hilo tu. Nilichana karatasi nne, ya tano nikaona bora nisingizie ardhi, yenyewe haina mtoto wa kumwonea haya. Lakini wa pili niliutunga kwa makusudi. Zamani ulikuwa ukiniandikia mvua hadi mvua. Nilipokutikisia ardhi, barua ikaja ndani ya wiki, imejaa maswali, Baba ulikuwa wapi, Baba ulishika nini. Tangu mama yako afe hakuna aliyeniuliza nimeshika nini. Nikaona ikitikisika tena kidogo, nani ataumia?

Sikujua mji wa tatu ni hapa. Naapa sikujua. Nilipoisoma barua yako nilielewa kwamba nimekufukuza mlangoni kwangu kwa mikono yangu, na ulikuwa hata hujabisha. Ningeweza kukuandikia palepale kwamba ni uongo. Nilishika kalamu. Nikafikiri, akijua atakuja, na akija atakuwa amekuja kunilisha kwa kijiko. Nikaandika umechagua vizuri.

Kuhusu yule bwana, sitasema nilikwambia. Nimemeza. Pole, mama. Ungeniambia tungemsema pamoja, mimi namsema peke yangu miaka yote hii.

Sasa nikujibu ulichouliza.

Wewe umepima maji, umepima upepo, umepima vilima, na umepima sawasawa. Lakini hayo yote yakija huja na watu. Majirani wanapiga kelele, mtu anakuvuta mkono, redio inawataja. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Mimi nilikuwa sakafuni jikoni kwangu, katika mji salama kuliko yote. Nilimsikia Mama Birika anafunga duka, anacheka na mteja wa mwisho, ukuta mmoja tu. Nikaona haya kuita. Nikakaa pale gizani nikiwaza kwamba nitakufa kwa kuona haya, na habari yangu haitafika hata kwenye redio.

Hicho ndicho ninachokiogopa. Si kingine.

Kwa hiyo, nataka kuja. Usiache kazi, mimi ndiye wa kuhama, huku nimebaki na ngazi nisiyoweza kuipanda. Kunilisha kwa kijiko utanilisha, nimekubali, ila si mbele ya wageni. Usiku nitakukera, natembea tembea. Mchumba wangu nitamfundisha kuvuta mstari, ninachokijua hakijaanza kutetemeka.

Mama Birika amenikatia tiketi ya basi la Alhamisi ijayo, na anasema atanifunga kwenye kiti kama mzigo wa kuni. Kama chumba hakitoshi nitalala popote mtakapotandika. Sitaki kukaa peke yangu tena, mama. Hilo ndilo neno lenyewe, limenichukua asubuhi mbili.

Na hiyo ngema ya nyuma ya nyumba usitoke kuitazama peke yako kwenye mvua. Ningoje tuwe tunaitazama wawili. Ikija, itukute wote.

Baba yako